Gari la Kitufe Linapogoma

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwahi kuyasikia.)

Zamani gari likigoma kuwaka watu walijua la kufanya. Abiria waliteremka, vijana wa mtaani wakaitwa, gari likasukumwa mpaka kwenye mteremko, dereva akatia gia ya pili na kuachia klachi, likawaka. Hakuna aliyehitaji kitabu. Leo magari mengi yanayoteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani hayana hata tundu la kuchomeka ufunguo. Mwenye gari anatembea na kidude cha plastiki mfukoni, ambacho wengi wetu tunakiita rimoti. Akigusa kishikio mlango unafunguka, akikanyaga breki na kubonyeza kitufe injini inawaka. Siku kitufe kikikataa, hata vijana wa kusukuma hawana msaada, kwa maana gari la gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.

Maelezo ya nini kifanyike yapo. Kiwanda kiliyaandika, yakachapishwa vizuri na kuwekwa ndani ya gari, katika kile kisanduku kilicho mbele ya abiria. Tatizo ni kwamba yameandikwa Kijapani. Gari lilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa Nagoya au Osaka, likatumika huko miaka kadhaa, ndipo likaja kwetu na kitabu chake. Basi kitabu kinakaa humo pamoja na stakabadhi za mafuta na kitambaa cha kufutia vioo, na siku ya shida mwenye gari anabaki mikono mitupu. Anaita fundi. Fundi mwema atapima kwanza. Lakini wapo wale wanaofika na kutamka papo hapo kwamba kompyuta ya gari imeungua, na mwenye gari asiyejua lolote atabishaje? Analipa kompyuta kumbe kilichokufa ni betri ya ukubwa wa sarafu.

Nataka leo tukisome kitabu hicho kwa Kiswahili, hasa kwa upande wa Toyota, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani kwetu.

Anayeanza mazungumzo ni gari, si rimoti. Unapogusa kishikio cha mlango, antena ndogo zilizofichwa humo hutoa wimbi la redio la masafa ya chini sana, kilohezi 125 hadi 135 hivi, chini kabisa ya yale mawimbi ya kati ambayo wazee wetu walisikilizia taarifa ya habari. Wimbi hilo halifiki mbali. Kwenye Toyota ni kama sentimita 70 tu kutoka kwenye kishikio. Rimoti ikilisikia, inaamka na kujibu kwa wimbi lake yenyewe, ambalo kwa magari ya Japani liko kwenye megahezi 312 hadi 315, na kwa yale ya Ulaya mara nyingi ni 433. Ndani ya jibu hilo mna namba ya siri. Gari likiitambua, linafungua. Ukishaketi, antena nyingine zilizomo ndani zinauliza tena kama rimoti imeingia pamoja nawe, na hapo ndipo kitufe kinaporuhusiwa kufanya kazi.

Kwa hiyo ili gari liwake, rimoti lazima ijibu, gari liwe na hakika kwamba mguu wako uko kwenye breki, na betri kubwa iwe na nguvu ya kuzungusha injini. Karibu kila mgomo wa kitufe unatokana na moja ya hayo matatu, na kujua ni lipi hakuhitaji mashine ya fundi.

Jaribio la kwanza ni la bure. Ukiwa ndani ya gari bonyeza swichi ya taa za dharura, ile yenye alama ya pembetatu nyekundu. Taa hizo huwaka bila rimoti na bila kitufe. Zikiwaka kwa mwanga wake wa kawaida na mlio wake wa kawaida, betri kubwa haijafa, basi elekeza shaka yako kwenye rimoti au kwenye breki. Zikiwaka kwa unyonge kama kibatari kinachoishiwa mafuta, au zisiwake kabisa, iache rimoti yako salama na ufungue boneti.

Lakini pengine hata kuingia ndani umeshindwa. Hapa ndipo watu wengi wamevunja vioo vya magari yao bure. Ndugu msikilizaji, ndani ya rimoti yako mna ufunguo wa chuma. Igeuzegeuze utaona kitufe kidogo au kilimi pembeni. Kisukume, kisha vuta, na ufunguo utatoka. Tundu lake liko kwenye mlango wa dereva. Kwenye baadhi ya magari halionekani kwa sababu limefunikwa na kifuniko cha plastiki mwishoni mwa kishikio, nacho hubanduliwa taratibu kwa ncha ya ufunguo wenyewe. Ukifungua kwa njia hii huenda king'ora kikapiga kelele na majirani wakachungulia. Usitoroke gari lako mwenyewe. Kelele itakoma gari likiitambua rimoti na kuwaka.

Gari litaitambuaje rimoti iliyokufa betri? Jambo hili nalipenda, maana watengenezaji walilifikiria mapema. Mbali na ile sehemu inayotumia betri, rimoti ina kijiwe kingine ambacho hakihitaji betri kabisa. Kinapata umeme wake kutoka kwenye gari kikisogezwa karibu, kama vile kadi ya benki ya kugusisha inavyofanya kazi dukani ilhali haina betri. Basi hakikisha gia iko kwenye P, kanyaga breki, kisha shika rimoti upande wenye nembo ya Toyota na uigusishe kwenye kitufe cha kuwashia. Utasikia mlio. Ndani ya sekunde 10 bonyeza kitufe, mguu ukiwa bado kwenye breki. Gari litawaka. Nissan nyingi hufanya hivyo hivyo, na baadhi ya zile za zamani kidogo zina kijitundu kwenye dashibodi ambamo rimoti huchomekwa nzima.

Likiwaka kwa njia hiyo, umekwisha kupata jibu lako. Kompyuta ni nzima, kilichochoka ni betri ya rimoti. Betri hizo hudumu mwaka mmoja hadi miwili hivi, na gari lililokaa gulioni, kisha melini, kisha kwenye yadi ya kuuzia magari, huja na betri ambayo imekwisha kula sehemu kubwa ya maisha yake. Dalili huanza mapema. Mlango unafunguka leo kwa kugusa mara moja, kesho mara tatu, na taa ndogo nyekundu ya rimoti inafifia. Usingoje.

Unapokwenda kununua, fungua rimoti kwanza usome namba iliyoandikwa juu ya betri yenyewe. Toyota nyingi za zamani kidogo hutumia CR1632, na nyingi nyingine, pamoja na Nissan, hutumia CR2032. Namba hizo si mapambo. Mbili za kwanza ni upana kwa milimita na mbili za mwisho ni unene, kwa hiyo CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Muuzaji akikupa CR2016 na kukwambia ni ile ile, ujue unene wake ni milimita 1.6 tu, itachezacheza ndani na kugusa siku inapopenda. Betri mpya ikipimwa husoma volti 3 na ushei. Ikiteremka chini ya 2.8, imechoka hata kama taa bado inapepesa. Rimoti iliyofuliwa ndani ya suruali nayo hupona mara nyingi ikitolewa betri upesi, ikafutwa na kuanikwa kivulini siku nzima. Kutu ya kijani kwenye vibati vyake hutoka kwa kifutio cha penseli.

Hapa niseme neno moja ambalo si la gari. Betri kuukuu usiitupe mezani. Betri hizi za lithiamu zinafanana na pipi machoni pa mtoto, na zikimezwa zikakwama kooni, umeme uliobaki huunguza nyama ya koo, na ndani ya saa 2 tu madhara yanaweza kuwa makubwa mno. Ukihisi mtoto amemeza, mkimbize hospitali wakati huo huo, usimlazimishe kutapika, wala usingoje kuona kama itatoka yenyewe. Betri iliyokwisha kwa ajili ya rimoti bado ina nguvu ya kutosha kuua.

Tukirudi kwenye gari, kitufe chenyewe huzungumza kwa rangi. Kwenye Toyota, ukikanyaga breki na rimoti ikatambuliwa, taa ya kitufe hugeuka kijani. Ikiwa kijani na ukibonyeza injini haizunguki, tatizo si rimoti. Kijani kinachopepesa maana yake ni usukani uliojifunga. Uzungushe kushoto na kulia kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukibonyeza kitufe, utaachia. Hutokea sana pale ulipoegesha magurudumu yakikandamiza ukingo wa barabara. Rangi ya kahawia inayopepesa ni hitilafu ndani ya mfumo, na hiyo ni ya fundi kweli.

Ikiwa kijani hakiji kabisa, na rimoti umeihakikisha, tazama breki. Nyuma ya pedali kuna swichi ndogo, ile ile inayowasha taa nyekundu za breki. Swichi hiyo ikifa, au fyuzi yake ikikatika, gari halijui kama umekanyaga, nalo huchukulia kwamba hukukanyaga. Rudisha gari kinyumenyume karibu na ukuta jioni, au mwite mtoto atazame nyuma wakati unakanyaga. Taa zikikataa, mhalifu umempata, na ni bahati kuwa ulimpata hapo nyumbani, kwa maana gari lisilowasha taa za breki hugongwa kwa nyuma. Toyota waliacha mlango wa dharura kwa hali hii. Vuta breki ya mkono, gia kwenye P, bonyeza kitufe mara moja bila kukanyaga breki ili redio iwake, kisha kanyaga breki na ushikilie kitufe kwa sekunde 15 hivi. Litawaka, nawe uende kwa fundi wa umeme moja kwa moja. Kabla ya yote hayo, kanyaga kwa nguvu. Breki iliyokanyagwa kanyagwa gari likiwa limezimwa huwa ngumu kama jiwe na pedali haishuki ya kutosha kugusa swichi.

Betri kubwa sina haja ya kuieleza kirefu, wengi mnaifahamu. Gari likilia tk-tk-tk na taa za dashibodi zikafifia, ndiyo hiyo. Ikiwa imejaa na gari limezimwa husoma volti 12.6, kwenye 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 usitarajie mengi. Ukibusti likawaka, pima tena injini ikinguruma. Pasipofika volti 13.5, oltaneta haichaji na utakwama tena safari ijayo. Kwa wenye magari ya haibridi kama Prius na Aqua kuna mawili ya kuongeza. Magari haya yanapowashwa injini huweza kukaa kimya, wala halijagoma. Tafuta neno READY kwenye dashibodi, likionekana tia gia uondoke. Na pamoja na ile betri kubwa ya kuendeshea, yana betri ya kawaida ya volti 12, ndogo, nayo ndiyo inayowasha kompyuta. Kwenye Prius nyingi imefichwa nyuma, mahali ambapo buti lenyewe halifunguki bila umeme. Ndiyo maana kiwanda kiliweka kituo cha kuunganishia nyaya ndani ya kisanduku cha fyuzi chini ya boneti.

Kuna siku vyote ni vizima na gari bado linakana kukujua. Angalia umesimama wapi na rimoti imekaa na nini. Iliyobanwa pamoja na simu, au ndani ya mkoba wenye kompyuta ya mkononi, hufunikwa na kelele za vifaa hivyo. Vivyo hivyo ukiegesha chini ya mnara wa televisheni, karibu na uwanja wa ndege, au karibu na stesheni ya redio, na sisi wa redio tunaomba radhi. Dawa ni ile ile ya kuigusisha rimoti kwenye kitufe.

Nije kwenye jambo linalotesa familia. Mume anasindikizwa na mkewe kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi, anasafiri kwenda Dodoma. Yeye ndiye aliyeendesha, rimoti iko mfukoni. Anateremka injini ikiwa inanguruma, wanaagana, mama anahamia kiti cha dereva na kuondoka. Gari linapiga mlio na kuonyesha maandishi, lakini maandishi ni ya Kijapani na mlio umezoeleka. Halizimiki, kwa sababu kuzima injini barabarani kwa kuwa rimoti haionekani kungekuwa hatari kubwa zaidi. Mama anafika Kimara, anazima anunue mboga, na hapo ndipo mwisho wa safari. Mume yuko Chalinze na rimoti yake. Hapa hakuna ujanja, hata ufunguo wa chuma umo ndani ya rimoti hiyo hiyo. Kwa hiyo gari likilia mara tu mtu anapoteremka, usizime, uliza kwanza nani ana rimoti. Na kama iko safarini, endesha mpaka nyumbani kwenye rimoti ya pili ndipo uzime.

Kuzima nako kuna somo lake, na lililipiwa kwa damu. Mwezi Agosti 2009, huko San Diego nchini Marekani, watu 4 wa familia moja walikufa ndani ya Lexus iliyokuwa inakimbia bila kuzuilika baada ya pedali ya mafuta kunaswa na zulia la sakafuni. Gari hilo lilikuwa la kitufe, na kulizima likiwa kwenye mwendo kulihitaji kitufe kishikiliwe sekunde 3, jambo ambalo mtu aliyeazimwa gari hawezi kulibuni akiwa katika hofu ile. Kubonyeza mara moja hakuzimi gari linalotembea. Toyota za baadaye huzima ukishikilia kwa zaidi ya sekunde 2, au ukibonyeza mara 3 mfululizo. Lakini anza kwa kutia gia kwenye N na kukanyaga breki kwa nguvu bila kuiachia. Injini ikizimika usukani na breki vyote vinakuwa vizito, wala usukani haujajifunga, ni kwamba msaada wake umeondoka.

Limebaki suala la rimoti ya pili. Magari mengi huuzwa hapa yakiwa na rimoti moja. Mnunuzi anashangilia gari, haulizi. Ukipoteza moja ukiwa na nyingine, kuongeza mpya ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye mashine, kwa kuwa gari lipo tayari kuzungumza na rimoti linayoifahamu. Ukipoteza zote, gari halina wa kumwamini, na itabidi kumbukumbu zake za siri zifutwe na kuandikwa upya, au hata kifaa chenyewe kinachozitunza kibadilishwe, na wakati huo gari liko juu ya lori la kuvuta. Unapotengeneza rimoti ya pili usinunue yoyote inayofanana kwa sura. Ya Ulaya ya megahezi 433 haitasikika kwenye gari la Japani, na iliyokwisha kutumika kwenye gari jingine kwa kawaida hukataa mpaka ifutwe kwanza. Chukua namba iliyoandikwa ndani ya ile uliyo nayo. Na kama gari lilikuja na kibati kidogo chenye namba ya ufunguo wa chuma, kiondoe garini leo hii na ukitunze nyumbani pamoja na kadi ya gari.